Maji Yakiona Haya

Vijana wa maabara mliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi kabla ya mashine kuja. Nilisema nitaandika, nikidhani mtasahau kuniuliza. Hamkusahau. Basi nimeketi barazani kwangu hapa Barani, nimestaafu juzi tu, chai iko kando, na nitawaeleza jinsi ukali wa siki unavyopimwa kwa matone ya rangi. Lakini siwezi kulieleza hilo bila kumtaja Mzee Shee aliyenifundisha, na siwezi kumtaja Mzee Shee bila kumtaja Kadzo, na nikimtaja Kadzo roho yaniuma mpaka leo. Anayetaka kemia tupu isiyo na wivu ndani yake ataipata vitabuni.

Kwa atakayesoma haya na hakijui kiwanda chetu: ni kiwanda kidogo cha achari, siki na maji ya ukwaju, kando ya barabara ya kwenda Ganda, na harufu yake utaisikia kabla hujaliona lango. Mimi ni mtoto wa mji wa Malindi. Nilitoka chuoni na cheti changu na viatu vya kisigino, nikiamini kwamba maabara ni mahali pakavu. Siku ya kwanza niliteleza mlangoni kwenye maji ya chumvi yaliyomwagika kutoka kwenye mapipa ya maembe, nikaingia ofisini kwa magoti.

Mbele yangu alisimama mzee mwembamba, kofia ya viua kichwani, koti jeupe limefuliwa mpaka limekuwa laini kama shuka.

"Shikamoo, Mzee," nikasema nikiwa chini vile vile.

"Marahaba, mwanangu. Inuka. Hapa hatusujudiani."

Huyo ndiye Mzee Shee, mkuu wa maabara. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nimewahi kufua leso iliyomwagikiwa mchuzi wa bizari. Nikamwambia mara nyingi.

"Ukilipaka sabuni lile doa la manjano lawaje?"

"Lawa jekundu, Mzee."

"Na ukisuuza na kutia ndimu?"

"Larudi manjano."

"Basi kazi waijua tayari. Nenda kavae koti."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa amenipa somo zima la viashiria kabla sijaketi. Manjano ni kiashiria. Sabuni ina alkali, ndimu ina tindikali, na manjano huonyesha kwa rangi yake ni ipi kati ya hizo mbili inayotawala. Kila mwanamke wa pwani aliyewahi kufua nguo ya harusi amelia kwa sababu ya kemia hiyo, ila hakuna aliyempa cheti.

Sasa niwaeleze inavyokuwa, maana najua wengi wenu mnabonyeza kitufe cha mashine mkasoma tarakimu, basi. Kiashiria chenyewe ni tindikali, ila ni dhaifu sana. Chembe yake imeshikilia haidrojeni. Ikiwa imezungukwa na tindikali tele, hakuna wa kumnyang'anya hiyo haidrojeni, anatulia nayo, na ana rangi moja. Ukimimina alkali, alkali inatafuta haidrojeni kila mahali ilipo. Huanza na ile ya siki, kwa kuwa siki huiachia kwa urahisi zaidi kuliko kiashiria. Siki ikiisha ndipo alkali inamgeukia kiashiria, inamvua haidrojeni yake, umbo la chembe linabadilika, na rangi inabadilika nalo. Kwa hiyo rangi ikigeuka, unajua siki imekwisha. Unasoma bureti, ule mrija wenye alama na koki, umetumia alkali kiasi gani, unapiga hesabu, unaujua ukali. Titresheni ni hiyo tu. Kiashiria hutiwa matone mawili matatu, basi, kwa sababu na chenyewe kinakula alkali. Ukitia kijiko kizima utakuwa unapima kiashiria chako badala ya siki.

Kiashiria chetu cha kila siku kilikuwa fenolfthalini, jina ambalo Mzee Shee alilikata akaliita feno. Ndani ya tindikali feno haina rangi, maji meupe kabisa. Ndani ya alkali inakuwa ya waridi. Na hapo ndipo lilipokuwa neno la maabara yetu, ambalo nyinyi hamlitumii tena, nami nasikitika.

Mzee Shee hakusema "rangi imebadilika." Alisema maji yameona haya. Ukidondosha alkali tone kwa tone, mkono wa kushoto kwenye koki ya bureti na wa kulia unazungusha chupa, kwanza unaona wekundu mdogo pale tone linapoangukia, unapotea. Tena unakuja, unachelewa kidogo kupotea. Kisha tone moja, na maji yote yanakuwa na ule wekundu hafifu wa bi harusi aliyeitwa jina lake ukumbini. Hapo unafunga koki. Yameona haya. Ukizidisha, maji yanakuwa mekundu ya kukoza, ya kupiga kelele, na hayo Mzee aliyaita yamefedheheka. Yakifedheheka kipimo kimeharibika, unamwaga, unaanza upya.

"Na utajuaje kama yameona haya au yamefedheheka, ikiwa huna hakika?" nilimuuliza siku moja.

"Yaache mezani unywe chai. Hewa hii tunayoivuta ina kaboni dioksaidi, ikiingia majini inakuwa tindikali kidogo. Haya huondoka yenyewe, ukirudi wakuta maji meupe. Fedheha utaikuta pale pale yakungoja."

Kumbukeni hilo. Nami nililikumbuka, ingawa sikupenda.

Chombo alichokipenda kuliko vyote hakikuwa bureti. Kilikuwa kigae cheupe, kipande cha sakafu ya bafu kilichobaki walipojenga choo cha wageni, ambacho alikiweka chini ya chupa ili wekundu mdogo uonekane. Pembe moja ilikuwa imevunjika. Alikipangusa kwa ncha ya koti lake kila asubuhi, na mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa. Mimi nilianza kuruhusiwa baada ya kupita msimu mzima wa maembe. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikamwambia mama kama mtu aliyeposwa.

Miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa yangu na Mzee. Alikuwa na tabia ya kutokiamini kipimo kilichoonwa na mtu mmoja. Akikaribia mwisho alinyanyua sauti: "Mwanaisha! Yameona haya?" Nami naacha lolote ninalofanya, naja, nainama juu ya kigae, nasema, "Yameona haya, Mzee." Ndipo anaandika. Wageni wakija alinionyesha kwa kidevu: "Huyu ana jicho." Nilipata mambo mengine kazini baadaye, vyeo na vinginevyo, siyaandiki. Sikupata tena kitu kilichonipendeza kama kuitwa mwenye jicho na Mzee Shee.

Kisha akaja Kadzo.

Alitoka Marafa, kwa watu wa mashamba, binti mrefu mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye mapipa. Alikuwa amesoma chuo kile kile nilichosoma, miaka michache nyuma yangu. Alimpa Mzee shikamoo yake kwa heshima zote, akainama vizuri. Mimi alinipa "Dzedze, dada?" ya Kigiriama huku akicheka, kama wasichana wa rika moja tumekutana kisimani. Sikujibu haraka. Nilikuwa namngoja aseme shikamoo. Sikuipata siku hiyo, wala mwaka huo, wala miaka mingi iliyofuata.

Nilifurahi sana alipokosea wiki ile ile. Mzee alimpa siki ya nazi aipime, naye, kwa kuwa chupa ya feno ilikuwa mbali na ya methili chungwa ilikuwa karibu, akatumia methili chungwa. Hiyo nayo ni kiashiria, nyekundu kwenye tindikali na manjano kwenye alkali. Kosa lake mnalijua? Kila kiashiria kina mahali pake pa kugeukia. Methili chungwa inageuka mapema, kwenye pH ya tatu kwenda ya nne, maji yangali na tindikali tele. Feno inageuka baada ya nane. Siki ni tindikali dhaifu, na ikimalizwa na alkali kali, maji yanayobaki hayasimami kwenye saba; yanaelemea upande wa alkali kidogo. Kwa hiyo unahitaji kiashiria kinachogeuka huko, yaani feno. Methili chungwa inageuka sehemu kubwa ya siki ingali haijaguswa, na tena haigeuki kwa tone moja, inajivuta, nyekundu, chungwa, chungwa, manjano ya mashaka. Kadzo alileta jibu lililosema kuwa siki ya kumtoa mtu machozi ilikuwa dhaifu kama dafu.

Nilisimama mlangoni nisikie akikaripiwa. Mzee Shee alivuta kiti. Akamwambia keti. Akampimia mbele yake kwa viashiria vyote viwili, chupa mbili sambamba, akamwelezea mpaka adhuhuri ikaadhinwa. Mimi nilipoteleza kwa magoti nilipewa swali moja la kufua leso. Huyu alikosea akapewa asubuhi nzima! Nilikwenda kuosha pipeti zilizokuwa safi.

Wivu wangu ulianzia hapo, na sitausingizia jina jingine. Kadzo akaleta maembe mabivu ya kwao, Mzee akayasifu. Mimi nilimletea mahamri ya mama miaka yote hiyo akisema ahsante tu. Kadzo akivunja bika, Mzee atasema vyombo vya siku hizi ni vyepesi. Hata kuhusu ukwaju! Ukwaju ni rangi ya matope, ukidondosha feno ndani yake hutaona wekundu wala weusi. Mimi ndiye niliyesema tuuzimue kwa maji mengi, tuweke chupa ya pili kando, ya ukwaju huo huo usiotiwa alkali, ili jicho lilinganishe. Ilifanya kazi. Mzee akafurahi, akasema, "Vizuri sana, Mwanaisha." Halafu akageuka: "Kadzo, njoo utazame kama ni kweli." Nilitamani ile chupa ya pili inimeze.

Kumbe alikuwa na sababu ya kugeuka.

Macho ya Mzee yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho. Hakumwambia mtu, lakini mimi niliona anavyoinamia kigae, na wekundu alioutaka ulikuwa ukizidi siku hata siku. Anachokiona yeye kuwa haya, kilikuwa fedheha tupu. Aniita: "Mwanaisha! Yameona haya?" Nakuja, nakuta maji mekundu kama juisi ya rozela. Nasema, "Yameona haya, Mzee."

Msinikunjie uso. Mimi nimelelewa mjini, kwa watu ambao mkubwa akitia chumvi mara mbili kwenye pilau utakunywa maji kimya kimya useme tamu. Utamwambia mtu wa umri wa baba yako, aliyekufundisha kushika bureti, kuwa amefedhehesha maji? Nilikuwa nikingoja aende kuswali nikarudia kipimo mwenyewe, nikaacha jibu langu sahihi pale mezani, mambo yakaenda. Achari haikuoza hata chupa moja. Mpaka leo ningemjibu vivyo hivyo.

Ila Mzee hakuwa mjinga. Alipima siki moja mara tatu, kama ilivyo desturi, na vipimo vyake havikufuatana. Akalaumu koki ya bureti, akaipaka mafuta. Akalaumu alkali, tukaitengeneza upya. Akalaumu umeme, ingawa bureti haitumii umeme. Siku moja aliita jina langu nami nilikuwa stoo, basi Kadzo akaenda badala yangu. Nilirudi na kuwakuta.

"Kadzo, yameona haya?"

Kadzo akainama. Akatazama kigae, akamtazama Mzee.

"Yamefedheheka, Mzee. Fanya tena."

Mikono yangu ilikuwa na chupa ya maji safi, nikaiweka chini upesi isije ikaanguka. Nilimngoja Mzee apandishe sauti. Yeye akauliza, "Mno?"

"Mno, Mzee. Mbona yako hivi tangu Jumatatu."

Mzee Shee akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia. Akamwaga ile chupa, akaanza tena, na safari hii Kadzo alisimama ubavuni akimwambia bado, bado, bado, funga. Vipimo vitatu vikafuatana. Mzee akaniona mlangoni akaniangalia kitambo. Kuanzia siku hiyo sauti ile ilibadilika jina. "Kadzo! Yameona haya?" Asubuhi nikimpa shikamoo hujibu, "Marahaba. Kadzo ameingia?" Wageni wakija, kidevu kikaelekea upande wa pili: "Huyu ana jicho." Kadzo akawa na jicho, mimi nikabaki na kijicho, na kigae cheupe kikahamia meza yake.

Nilijaribu kukirudisha. Sitataja yote. Nilifika mapema nikakisugua kigae mpaka kikang'aa, Mzee akamshukuru Kadzo. Nilijifunza kufunga koki nusu tone, nikawa nagusisha lile tone dogo kwenye ukingo wa chupa na kulisukuma kwa maji, ujanja ambao wengi wenu hamuujui na mnapaswa kuujifunza. Mzee alisema, "Mkono mzuri." Mkono! Mimi nilikuwa nataka jicho.

Siku yake ya kustaafu ndipo ilipoanza ile desturi yetu, kwamba anayeondoka apime siki mara ya mwisho mbele ya wenzake. Aliizua yeye mwenyewe, kwa kuwa hakutaka hotuba. Meneja wetu, mtu wa bara mwenye kupenda picha, alikuwepo, na kina mama wa idara ya kufungasha, na jamaa zake Mzee kutoka Shela waliovaa kanzu nyeupe. Mzee akafungua koki. Akadondosha. Maji yakapita haya, yakaenda zake. Chumba kizima tulikuwa tumetabasamu tayari kupiga makofi.

"Kadzo! Yameona haya?"

Nilimwomba Mungu Kadzo adanganye, mara moja tu maishani, mbele ya watu wale.

"Fanya tena, Mzee."

Jamaa zake wakaangaliana. Mimi nilitazama sakafu. Mzee akamimina nje, akasuuza chupa, akapima upya, Kadzo akimwambia bado, bado, na maji yakaona haya yale ya bi harusi. Makofi yalipigwa mpaka meneja akasahau kupiga picha. Na uso wa Mzee niliuona. Nimeishi miaka mingi na sijamwona mtu mwenye furaha namna ile kwa kuambiwa amekosea.

Idi iliyofuata nilikwenda kumpa mkono nyumbani kwake. Tulipokwisha kula nikamuuliza, kwa kuwa sikuweza kuvumilia zaidi: "Mzee, mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu, mwanangu."

"Mbona ulimwita Kadzo ukaniacha?"

Akafikiri huku akichezea tasbihi. "Wewe ulinipa heshima. Heshima hapa nyumbani nnayo, wajukuu wanipa mpaka wanichosha. Kule kazini nilitaka mtu wa kunambia."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilijiambia ni maneno ya mzee aliyetekwa na kicheko cha mtu. Amefariki, Mungu amrehemu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikigombana naye nikiosha vyombo.

Tulibaki mimi na Kadzo. Tulikula pamoja, tulizikiana wazazi, nilimshikia mtoto wake wa kwanza kabla ya mama mkwe wake, na wivu wangu haukupungua hata chembe. Msidhani watu wakikaa pamoja wivu huisha. Meneja akaja na mashine ya pH. Ni nzuri, siisemi vibaya, isipokuwa lazima ipimwe yenyewe kwanza kabla haijapima kingine, na umeme ukikatika inakuwa pambo. Feno haijui umeme. Siku za giza nyinyi vijana mlikuja mbio kwa Kadzo, "Shangazi, tutazamie," nami nilikuwa nimekaa hapo hapo na macho yangu mawili.

Kisha mwaka wangu wa mwisho kikatokea kitu kilichonifurahisha. Asubuhi moja Kadzo aliingia, hakusema dzedze, hakucheka. Alisimama vizuri akasema, "Shikamoo, Bi Mwanaisha."

Nilidhani ananitania. Kesho yake akarudia. Nilijibu "Marahaba" kwa sauti ya kujizuia, lakini moyoni nilikuwa nasherehekea. Baada ya miaka yote! Nilimwambia binti yangu kwamba Kadzo amenyooka. Hata chai alianza kuniwekea yeye. Niliona nimeshinda, ingawa sikujua nimeshinda nini.

Macho yangu yalikuwa yameanza ukungu wakati huo. Niliyaficha. Niliongeza taa mezani, nikasema vyumba vya siku hizi vina giza.

Siku yangu ikafika. Wengi wenu mlikuwepo: keki ilikuwa upande wa ofisi, nyinyi mmejipanga ukutani, simu juu. Kadzo akatoa kigae cheupe chenye pembe iliyovunjika, akakiweka chini ya chupa yangu kwa mikono yake. Sitasema uongo, nilikaribia kulia. Nikatia feno matone mawili. Nikafungua koki. Mkono wangu bado ni mzuri, Mzee alisema kweli. Nilidondosha, nikazungusha, nikangojea wekundu. Sikuuona. Nikadondosha tena. Sikuuona, halafu nikadhani nauona. Nikafunga.

Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote ya kazi niitwe. Sasa ilikuwa zamu yangu kuita, na sikuita jina la mtu mwingine.

"Kadzo! Yameona haya?"

Akaja. Akainama juu ya kigae. Akanyanyuka akatabasamu.

"Yameona haya, Bi Mwanaisha."

Mkapiga makofi. Mkanipeleka kwenye keki, mkanilisha kwa kijiko, mkasema maneno mazuri nami nikayaamini yote. Nilikaa sana na nyinyi. Picha zilikuwa nyingi, soda ikaisha ikaletwa nyingine. Baadaye nikarudi maabara peke yangu kuosha chombo changu, kwa kuwa sikufundishwa kuondoka na chombo kichafu mezani.

Chupa ilikuwa pale juu ya kigae. Maji yalikuwa mekundu. Nilikisogeza kigae dirishani, nikaileta chupa karibu na uso, nikayafumba macho haya ya ukungu nikayafumbua. Hata jicho langu hili liliona. Mekundu ya rozela, muda wote ule hewani, hayajafifia.

Nilikuwa nimesimama hivyo Kadzo alipokuja kunitafuta. Nikamnyanyulia chupa kwenye mwanga, katikati yetu, hakuna mgeni wala meneja wala simu.

"Kadzo, yameona haya?"

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi, kitambo, kama Mzee alivyonitazama siku ile nilipokuwa mlangoni.

"Yameona haya, Bi Mwanaisha," akasema. "Njoo, watu wakungoja."

Akaitwaa chupa mkononi mwangu taratibu, akaimwaga, akaiosha yeye.

Sasa nakaa hapa barazani na wivu wangu ni ule ule, ila umehama. Kadzo simwonei tena. Namwonea Mzee Shee. Yeye alipewa shikamoo kila asubuhi, na bado, mbele ya meneja na kanzu zote zile, akaambiwa fanya tena.